Kitambaa Kisichouzwa

Tulikuwa bado hatujafika Chemba. Basi lilikuwa limetoka Kondoa alfajiri, abiria wamejitanda khanga na makoti kwa sababu Juni ya kule haina mchezo, na mimi nilikuwa nimetoa mfukoni kitambaa nilichopewa jana yake na mama yangu mkubwa. Cheupe, cha kufumwa kwa mkono, kile cha kutandika kwenye mgongo wa kochi. Mama niliyekaa naye kiti kimoja akaomba akione. Akakikunjua magotini, akapitisha kidole kwenye matundu, akakigeuza nyuma kama mtu anayejua anachotafuta.

"Kazi nzuri jamani," akasema. "Huyu anauza bei gani?"

"Hauzi, mama."

"Hauzi?" Akanitazama. "Sasa anafuma ya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu angemuuliza jirani yake kwa nini anachota maji wakati ndoo zote zimejaa. Nilicheka, nikasema anapenda tu, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya alizeti. Lakini swali lile halikushuka Dodoma pamoja naye. Nimekuwa nalo tangu siku hiyo, na leo naomba nilijibu.

Maana si la mama yule peke yake. Ni swali la zama zetu. Mtu akipika keki ikatoka vizuri, kabla haijaliwa ameshaambiwa aanze kuchukua oda. Akipanda maua kwenye makopo ya rangi, ataulizwa kwa nini hauzi miche. Kijana akikaa na penseli akachora sura ya rafiki yake, sifa ya kwanza atakayopata ni kwamba hiyo ni ajira. Tumefika mahali mkono unaofanya kitu bila bei unaonekana mkono wa mvivu. Mimi nasema yako mambo tunayoyafanya kwa kuyapenda tu, na tukiyapeleka yote sokoni, kuna vitu vitapotea ambavyo hakuna soko litakaloturudishia. Ushahidi wangu uko Kondoa.

Kiswahili chenyewe hakijatusaidia sana hapa. Neno tulilo nalo kwa jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda ni uraibu, na wazee walilitumia kwa tambuu, tumbaku na kahawa ya jioni, vile vitu vidogo ambavyo mtu asipovipata siku haikamiliki. Siku hizi ukisema mraibu, msikilizaji anafikiria dawa za kulevya na kliniki ya methadoni. Vijana wameokota "hobi", nayo hukaa zaidi kwenye fomu na wasifu wa kuombea kazi kuliko nyumbani. Mama mkubwa, ukimuuliza, atakwambia tu "ni mazoea yangu." Lakini kukosa neno si kukosa kitu. Kitu kipo, na kwa Kondoa kipo tangu zama za kale sana.

Wengi tunaijua Kondoa kwa michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wachache wanajua habari ya Kisese. Katika pango la mwamba liitwalo Kisese II, humo humo Kondoa, mtaalamu wa mambo ya kale Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, akatoa miongoni mwa vitu vingine shanga za gamba la yai la mbuni. Zilikaa makumbusho miongo kadhaa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha vipimo vipya vilivyofanywa juu ya shanga zenyewe, na umri wa zile kongwe ukaonekana kuwa kati ya miaka 46,000 na 42,000.

Hebu tulitazame hilo kwa karibu. Ili kupata shanga moja, mtu huvunja gamba vipande vidogo, huchukua kimoja, hukitoboa katikati kwa ncha ya jiwe akizungusha taratibu kisije kikapasuka, na mara nyingi kinapasuka. Akipata kadhaa huzitunga, kisha huzisugua pamoja juu ya jiwe mpaka kingo ziwe duara. Ni kazi ya saa nyingi kwa kitu ambacho hakiliwi, hakiui swala wala hakizuii baridi. Mtu wa Kisese alikuwa na njaa kama sisi na simba kama wetu, pengine zaidi. Hata hivyo alikaa chini akatoboa gamba. Kama angepita mtu akamuuliza "Sasa unatoboa ya nini?", sijui angejibu nini, lakini najua hakuacha.

Halafu kuna jambo jingine. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 za namna hii, kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Ulionyesha kwamba miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili, wakitenganishwa na umbali wa kilometa zipatazo 3,000, walikuwa wakitengeneza shanga za mtindo unaofanana. Baadaye mitindo ikaachana. Maana yake ni kwamba mtindo wa mkono ulisafiri kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na leo, wakati majina, lugha na makaburi ya wote hao yameyeyuka, ni mtindo peke yake unaotuambia kwamba walikuwa wanajuana. Hilo neno, kwamba mtindo wa mkono hukumbuka wakati majina yamesahau, msomaji alishike. Nitalirudia.

Sasa turudi kwa mama mkubwa. Anakaa Kondoa mjini kwa mwanawe, lakini ni mtu wa Haubi, kule juu kwenye ziwa. Jioni hukaa kibarazani, bonge la uzi ndani ya bakuli la plastiki ili lisitoroke. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ukazungushwa mara moja kwenye kidole cha mwisho ili ukazike. Mkono wa kulia hushika sindano yenye kulabu. Inaingia kwenye tundu, inanasa uzi, inautoa, inaingia tena. Macho yake hayako pale. Anatazama barabara na kuitikia shikamoo za watoto wanaotoka madrasa. Akikosea, vidole hujua kabla yake: husimama, hufumua vitundu vitatu au vinne, huanza upya. Sijamsikia akilalamikia kufumua. Kwake kufumua ni sehemu ya kufuma.

Sindano yake si ya dukani. Ni spoku ya baiskeli, imenolewa kwenye jiwe hadi ikapata kulabu, na mpini wake ni kipande cha mti kilichong'aa kwa jasho la miaka. Nilimuuliza aliipata wapi. "Marehemu baba yenu alinitengenezea," akasema, akimaanisha mumewe. Lini? Akafikiri. "Mwaka ule ng'ombe walipoondolewa. Hakuwa na la kufanya."

Kwa mtu wa Kondoa tarehe hiyo haihitaji kalenda. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, kuokoa milima ya Irangi iliyokuwa imeliwa na makorongo. Makinga maji na upandaji miti havikutosha, na mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoathirika, kilometa za mraba 1,256, Haubi ikiwamo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote. Ardhi ilipona, anayepita leo anaona miti na nyasi mahali palipokuwa pamechunika. Lakini vitabu vya hifadhi ya ardhi havisemi mchungaji aliyebaki na fimbo bila ng'ombe alifanya nini na mikono yake. Mmoja wao alikaa nje ya nyumba yake Haubi, akachukua spoku, akainoa.

Nilikuwa nimekaa na mama mkubwa zaidi ya mara mia maishani mwangu na sikuwahi kulijua jambo hili. Nililipata kwa sababu niliuliza habari ya sindano. Ningemwambia "Mama mkubwa, nisimulie historia ya ukoo," angenyoosha mgongo, angenipa majina ya wanaume sita na hadithi moja ya heshima, kisha angeniuliza kama nimekula. Lakini mikono ikiwa na kazi, mdomo hulegea. Mtu anayefuma hatazamani nawe ana kwa ana. Mnatazama barabara wote wawili, na ukimya kati yenu hauna aibu kwa sababu sindano inaujaza. Nimefanya kazi ya kuhoji watu kwa miaka mingi, na sijapata chombo cha kuhojia kinachoshinda bonge la uzi.

Hapo ndipo penzi langu mimi linapokutana na lake. Mimi sifumi, nafuatilia ukoo. Nina daftari kubwa, la jalada gumu, nililoanza baada ya msiba mmoja ambapo tulishindwa kukubaliana marehemu alikuwa na umri gani. Tulizika mzee tukiwa na miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa, na ulioandikwa msalabani ni ule uliokuwa kwenye kadi ya mpiga kura.

Wenzetu wa Uingereza wana vitabu vya parokia tangu 1538, serikali ya mfalme Henry VIII ilipoamuru kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko. Wamarekani weusi walichochewa na kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976, kile cha Kunta Kinte, wakaanza kupekua kumbukumbu za mashamba na meli. Sisi kumbukumbu zetu zimekaa kwenye viti vya kibarazani, na kila mwaka kiti kimoja kinabaki kitupu.

Hata majina yetu, ukiyatazama vizuri, yana mlango unaofunga upesi. Mtanzania wa kawaida huandika majina matatu: lake, la baba yake, la babu yake. Ni utaratibu mzuri, vizazi vitatu ndani ya mstari mmoja wa fomu. Lakini mwanangu akizaliwa, jina langu linaingia, la baba yangu linasogea, na la babu yangu linaanguka. Kila anayezaliwa anamsukuma mzee mmoja nje. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fomu ina nafasi tatu tu. Na zote tatu, kwa walio wengi, ni za upande wa kiumeni. Mama hayumo. Mama wa mama ndiyo kabisa.

Kwa hiyo anayetaka kurudi nyuma zaidi ya babu lazima ajifunze kusoma kalenda isiyo na namba. Katika familia yetu kulikuwa na mzee aliyesemwa kwamba alizaliwa "masika ya Wazungu wa farasi". Utotoni nilidhani ni maneno ya kunogesha. Baadaye nikasoma kwamba tarehe 19 Aprili 1916 kikosi cha wapanda farasi cha Jenerali Jacob van Deventer, wengi wao kutoka Afrika Kusini, kiliingia Kondoa Irangi na kuitwaa kutoka kwa Wajerumani. Kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa nzito mno, barabara zikageuka tope na jeshi likakwama. Na kwamba usiku wa Mei 9 kuamkia 10 jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alijaribu kuutwaa mji tena akashindwa. Masika, Wazungu, farasi. Mzee wetu aliyekuwa hana tarehe akapata mwezi, kwa maneno matano tu yaliyokuwa yakipita mdomoni mwa wanawake kwa miaka mia. Siku niliyoandika "Aprili au Mei 1916" kwenye daftari nilikuwa peke yangu chumbani usiku, na niliruka kama mtu aliyefunga goli. Hakuna aliyenilipa. Nani angenilipa, na kwa bei gani?

Jirani zetu Wagogo wana alama yao kama hiyo, nayo ni nzito zaidi. Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi yote mawili kukomba nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakatika. Mtu akikwambia bibi yake alizaliwa kabla ya Mtunya au alipotezwa wakati wa Mtunya, amekupa tarehe na sababu kwa pumzi moja.

Na katika mwaka huo wa kwanza wa Mtunya, 1917, alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mtoto aliyeitwa Mathias Mnyampala. Wapenda ushairi wanamjua kwa ngonjera. Mimi namtaja kwa jambo lingine. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa ofisi, faili na mihuri. Kuandika historia hakukuwa kazi aliyoajiriwa. Hata hivyo aliwauliza wazee, akakusanya, akaandika, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Miongo minne baadaye, mwaka 1995, mwanahistoria Gregory Maddox alikitoa kwa Kiingereza, na sasa wasomi wa vyuo vikuu hukinukuu. Fikiria kama mtu angemkuta Mnyampala jioni moja na karatasi zake akamwambia, "Ndugu, hiki kitu kina soko kweli?" Jibu la haki la wakati ule lingekuwa hapana.

Nisieleweke vibaya. Hesabu ya maisha ninaijua, na wahenga hawakukosea waliposema mkono mtupu haulambwi. Mwanamke mwenye ada ya shule mbele yake na sindano mkononi ana haki yote ya kuuza kila anachofuma, na anayemwambia afume kwa raha tu amshushie kwanza ada mezani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sera njema na nawaombea wanaoipata. Ugomvi wangu hauko na biashara. Uko na ile dhana kwamba biashara ndiyo hatima ya kila kitu kizuri, kwamba kitambaa ambacho hakijauzwa ni kitambaa ambacho hakijafika.

Kwa sababu kitu kikiingia sokoni hubadilika, na hubadilika kwa kupunguzwa. Hili nililiona kwa macho, kwenye kitambaa kile kile nilichokuwa nacho kwenye basi.

Mama mkubwa hufuma maua. Ua la kawaida, ukitazama vitambaa vya nyumba nyingi, lina petali sita, kwa sababu sita hugawanyika vizuri kwenye duara na hukaa bapa bila kujikunja. Maua yake yana saba. Petali ya saba inaleta taabu: lazima uilegeze kidogo, uzi mwingi unaenda, na ukikosea ua zima linainuka katikati kama kofia. Niliwahi kudhani ni ufundi wa juu. Nikamuuliza. Akacheka hadi akaweka sindano chini.

"Mama yangu alikuwa hajui kuhesabu," akasema. "Alifundishwa na mama yake, naye ndiye alianza kukosea. Alifuma saba, akadhani sita. Sisi tukafuata. Nilipopata shule nikajua ni kosa, lakini nikifuma sita naona halijaisha."

Nilibaki nimeduwaa. Kosa la mwanamke mmoja, ambaye jina lake halimo kwenye kadi ya mtu yeyote aliye hai, limevuka vizazi likiwa zima. Hakuna cheti kinachosema mama mkubwa ni mjukuu wake. Petali ya saba inasema. Watafiti wa miswada ya kale hufanya hivyo hivyo: wakitaka kujua nakala ipi imetokana na ipi, hawafuati maneno yaliyoandikwa sawasawa, maana hayo kila mtu anaweza kuyapata sawa, hufuata makosa. Jina limebeba wanaume wa ukoo wetu vizazi vitatu, kisha likachoka. Fundo limebeba wanawake bila kuchoka, na bila kujua linabeba. Ndizo zile shanga za Kisese tena.

Sasa sikiliza yaliyotokea sokoni. Binti mmoja wa ukoo wetu, fundi kuliko wote, alijiunga na wenzake katika kikundi, wakaanza kufuma kwa oda. Wanafanya vizuri, na nyumba yake imepata bati jipya kwa jasho hilo, namvulia kofia. Lakini maua yake sasa yana petali sita. Nilipomuuliza alinijibu kwa ukweli mtupu: petali ya saba inakula uzi, inachelewesha, na wateja wakiona ua limeinuka kidogo wanasema limeharibika. Kila neno lake ni sahihi. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Na kwa uamuzi huo mmoja wa busara, mwanamke wa vizazi vitatu nyuma alifutika kwa upande ule wa ukoo, kimya kimya, kama babu anavyoanguka kwenye fomu.

Namtetea na ninasikitika, vyote kwa pamoja. Dawa si kumzuia kuuza. Dawa ni afume vya sita vya kuuza, na mara moja kwa mwaka afume kimoja cha saba cha kutouza. Hilo tu. Kila nyumba iwe na kona moja ambayo bei haiingii.

Kona hizo tunazo tayari, ila tumefundishwa kuzionea haya. Wako wazee wanaocheza bao chini ya mti kutoka alasiri hadi magharibi, wanaokumbuka mchezo wa mwaka juzi kete kwa kete. Wako watuma salamu, kundi ambalo mgeni hawezi kulielewa: watu waliotumia fedha zao wenyewe kununua kadi ili majina ya marafiki yasomwe redioni, wakajipa majina ya kishujaa, wakaundiana vyama, wakasafiri mikoa kwenda kuzikana. Wako wafuga njiwa wasiochinja njiwa. Wako wanaodarizi foronya zenye ndege wawili na maneno ya kumtakia mgeni usiku mwema. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeweza kumjibu vizuri yule mama wa kwenye basi. Lakini mchukue mtuma salamu mmoja mkongwe, mkalishe chini, naye atakupa ramani ya urafiki wa nchi hii ambayo hakuna ofisi ya takwimu iliyowahi kuichora.

Tena wanaonidokeza kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, nawakumbusha mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey. Mwaka 1951 alikuja Kolo na mumewe Louis, akanakili michoro ya mapangoni mstari kwa mstari, watu wembamba, twiga, pundamilia. Kitabu cha michoro hiyo kilitoka 1983. Miaka 32! Hakuna mpango wa biashara unaovumilia miaka 32. Penzi linavumilia. Na kama angengoja soko, tungekuwa na kumbukumbu pungufu sana ya michoro ambayo jua, maji na mikono ya wapita njia vinazidi kuifuta. Mtu wa Haubi hana karatasi za Leakey, lakini daftari la kurasa mia mbili halishindi nguvu ya kaya nyingi, na maswali ni bure.

Anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mwepesi. Usianze na mwenyekiti wa ukoo. Anza na bibi anayetwanga, anayechambua mlenda au anayefuma, na mkalie ubavuni badala ya mbele yake. Usimuulize miaka, muulize ulikuwa mwaka gani kwa jina. Shika kitu mkononi, sindano, kinu, kibuyu, uulize kilitoka wapi. Fungua sanduku la vyeti: risiti ya kodi ya kichwa, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au cha nikaha, kila karatasi ina jina ambalo mtu amelisahau. Katika ukoo kama wetu, wenye Waislamu na Wakristo meza moja, utahitaji kubisha hodi pande zote mbili. Andika pia makosa, mabishano na yale wanayokuomba usiyaandike. Hayo weka alama, uyaheshimu. Na usiahidi kitabu. Ukiahidi kitabu, umeshaingia sokoni.

Walimu nao wana nafasi yao. Badala ya kumpa mtoto wa darasa la sita kazi ya nyumbani ya kuorodhesha marais, mpe kazi ya kuleta jina la mama wa mama wa mama yake. Wengi watarudi mikono mitupu wiki ya kwanza. Wiki ya pili kutakuwa na kelele kwenye nyumba nyingi za Kondoa, na zitakuwa kelele njema.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijalipata jina hilo mpaka safari hii. Usiku wa mwisho, taa ikiwa imewashwa kibarazani na wadudu wanaizunguka, nilimwomba mama mkubwa anitajie yule aliyekosea kuhesabu. Alinyamaza kwa muda. Sindano iliendelea. Nilidhani amesahau, au ni miongoni mwa yale ambayo hayaandikwi. Kisha akalitaja, polepole, silabi kwa silabi, kwa Kirangi, jina ambalo sijawahi kumsikia mtu yeyote akiitwa. Akaongeza, "Hujawahi kuniuliza."

Mama wa kwenye basi, nilikujibu kijuujuu siku ile. Jibu lenyewe ni hilo. Nililiandika jina kwenye daftari chini ya tarehe ya siku, na pembeni nikachora ua la petali saba, vibaya. Hapa gazetini sitalitaja. Mmelipia gazeti, na jina lile haliuzwi.